Ufundi wa Kung'oa Kigingi

Sura ya 4 ya kitabu cha Hesabu haihubiriwi sana. Haina nyoka wa shaba wala punda anayesema. Ina watu wanaofunga mizigo. Haruni na wanawe wanaingia katika hema ya kukutania, wanalishusha pazia na kulifunika nalo sanduku la agano. Kisha wanaiendea meza, kisha kinara, kisha madhabahu ya dhahabu, na mwisho ile kubwa ya shaba, baada ya kuizoa majivu. Kila kitu kina nguo yake, kila nguo ina rangi yake, na kila mzigo una ngozi ya kuukinga na jua na vumbi. Wakishamaliza ndipo ukoo wa Kohathi unaporuhusiwa kuja kuinua. Aliyeandika sura hii, au aliyemsimulia mwandishi, alijua kuhama.

Wengi wanaoyastaajabia marago ya Israeli huistaajabia sura ya 2, yenye ule mraba unaochorwa katika vitabu vya shule ya Jumapili. Mashariki, upande wa mawio, Yuda pamoja na Isakari na Zabuloni, wanaume wa vita 186,400. Kusini Reubeni, Simeoni na Gadi, 151,450. Magharibi Efraimu, Manase na Benyamini, 108,100. Kaskazini Dani, Asheri na Naftali, 157,600. Katikati hema, na Walawi wakiizunguka. Ni mchoro mzuri, na mtoto huukariri upesi. Lakini huo ni mchoro wa marago yaliyotulia, na kutulia ni nusu tu ya kazi, tena nusu nyepesi. Watu walioishi vile walipimwa siku ya kuondoka. Ukiyasikiliza maneno ya Kiebrania yaliyotumika kuwapanga, utaona mpangaji aliianza kazi yake kwa kuifikiria siku hiyo, kisha akarudi nyuma.

Chukua kitenzi cha kusafiri chenyewe. Hesabu 33 inaorodhesha vituo tangu Ramesesi ya Misri hadi nyanda za Moabu, na mapokeo ya Kiyahudi huhesabu humo safari 42. Orodha nzima inakwenda kwa vitenzi viwili vinavyopokezana: wakaondoka, wakatua, wakaondoka, wakatua. Cha kwanza ni nasa, na maana yake ya mkononi ni kung'oa. Ndicho kinachotumika katika Waamuzi 16, Samsoni anapoamka na kuking'oa kigingi cha mtambo wa kufumia, na ndicho anachokitumia Isaya katika sura ya 33 anapoifananisha Yerusalemu na hema ambayo vigingi vyake havitang'olewa. Cha pili ni hana, kutua, kilichozaa mahane, yaani marago. Jina la mahali limetokana na tendo la watu. Wakishaondoka, pale hapana mahane tena, pana jangwa.

Ndani ya mahane kila mtu alikuwa na anwani, na anwani hiyo haikutaja ardhi hata kidogo. Ilianza na bet av, nyumba ya baba. Juu yake mishpaha, yaani ukoo. Juu ya ukoo kabila, lenye majina mawili, mate na shevet, ambayo yote mawili humaanisha pia fimbo. Na makabila matatu yakiungana yakawa degel moja. Wafasiri wa Biblia ya Union Version waliiita beramu, neno la kale ambalo wasomaji wengi wa leo hawalikuti kwingine, na ni kweli kwamba katika Kiebrania cha sasa degel ni bendera. Hata hivyo, katika nyaraka za mafunjo kutoka Elefantine, kisiwa cha Mto Nile ambako askari wa Kiyahudi waliwatumikia Waajemi katika karne ya 5 K.K., mtu hutambulishwa kwa degel yake kama askari anavyotambulishwa kwa kikosi, na kikosi kina jina la mkuu wake. Wafasiri wa kale wa Kigiriki nao waliandika tagma, kikosi. Sioni haja ya kuchagua. Katika vumbi la msafara mkubwa, kikosi ni kile unachokiona kikiinuliwa juu ya vichwa, na asiyekiona hana kikosi. Chini ya degel palikuwa na ot, alama ndogo ya nyumba ya baba. Ya kwanza ilimwonyesha mtu upande wake wa marago, ya pili ikamfikisha kwao. Wakitua popote, penye mchanga au penye mawe, jirani wa jana alibaki kuwa jirani wa leo.

Imebaki ngazi moja, elef, na hiyo ndiyo iliyowagawa wataalamu. Elef ni elfu, ndugu wa ile alf ya Kiarabu tuliyoirithi sisi. Lakini pia ni kundi la watu wa ukoo: Gideoni anapolalamika kwamba kwao ni wanyonge katika Manase, hilo ndilo neno analolitumia. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, George Mendenhall, alipendekeza kwamba hesabu za Hesabu 1 zisomwe hivyo. Reubeni wasiwe watu 46,500, bali makundi 46 yenye watu 500 kwa jumla. Ukijumlisha makabila yote kwa njia hiyo unapata makundi 598 na wanaume 5,550, idadi ambayo visima vya Sinai vingeivumilia. Ni pendekezo lenye akili, nami ningelikubali mara moja kama si fedha.

Kutoka 38 inatoa hesabu ya fedha ya kuhesabiwa. Kila mwanamume alitoa nusu shekeli, wanaume walikuwa 603,550, na jumla ikawa talanta 100 na shekeli 1,775. Piga mwenyewe: nusu ya 603,550 ni 301,775, talanta ni shekeli 3,000, toa talanta 100, zinabaki 1,775 kamili. Zile talanta 100 zikasubiwa kuwa vitako 100 vya kusimamishia maskani, talanta moja kwa kila kitako. Zilizobaki zikawa kulabu za nguzo na mapambo ya vichwa vyake. Hakuna shekeli iliyolala nje. Mwandishi huyu, basi, aliisoma elef kuwa elfu, maana akiisoma vingine fedha haivitoshi vitako vyake. Unaweza kubishana naye juu ya historia. Juu ya hesabu hadaiwi.

Na vitako hivyo vyenyewe ni kazi ya kukalia kitako ukaitazama. Kuta za maskani zilikuwa mbao 48 za mshita zilizofunikwa dhahabu: 20 kusini, 20 kaskazini, 8 nyuma upande wa magharibi. Kila ubao ulikuwa na dhiraa 10 kwenda juu, yapata mita nne na nusu, na dhiraa moja na nusu kwa upana. Miguuni ubao ulikuwa na ndimi mbili, ambazo Kiebrania huziita mikono, na kila ulimi ulizama katika kitako chake cha fedha. Hivyo vitako 96 kwa mbao, na 4 kwa nguzo za pazia. Talanta hukadiriwa kuwa kilo 34 hivi, mzigo ambao mwanamume mwenye nguvu huuinua bila kumwita mwenzake, na jamaa wawili huubeba wakizungumza. Hapakuwa na shimo la kuchimba wala msingi wa kumwaga. Uzito wa chini ndio uliokuwa msingi, na msingi huo uliondoka pamoja na nyumba. Na kila kitako kilikuwa mchango wa wanaume 6,000, tajiri na maskini kwa kiwango kilekile, kwani sheria ilikataza mwenye nacho kuzidisha na asiye nacho kupunguza.

Kuzishika mbao zisiachane kulikuwa na vipingo vitano kila upande, na cha katikati kilipita toka mwisho hata mwisho. Union Version inaviita mataruma, neno ambalo fundi wa majahazi hulitumia kwa mbao zinazokishika chombo kwa ndani. Mfasiri aliyelichagua alijua anatafsiri kazi ya useremala na si ibada peke yake.

Juu ya mbao yakaja mapazia. Yale ya ndani, ya kitani, yalikuwa kumi, kila moja dhiraa 28 kwa 4, yakashonwa matano matano kuwa nguo mbili kubwa. Nguo hizo mbili hazikushonwa pamoja. Ukingoni kila moja ilikuwa na vitanzi 50, na vifungo 50 vya dhahabu vikazishika zikawa maskani moja. Juu yake yakaja mapazia 11 ya singa za mbuzi, matano na sita, kwa vitanzi na vifungo vilevile, ila vya shaba. Fundi mwingine angeshona moja kwa moja, apate nguo isiyo na mshono wa kuvutia macho, na siku ya kwanza wote wangemsifu. Siku ya pili, pindo la dhiraa 40 likiwa limelowa umande na linatakiwa kukunjwa kabla jua halijachoma, wangemtafuta. Huyu aliacha njia ya kufungulia mahali panapostahili, kisha akaitengeneza kwa dhahabu ili isionekane ni kasoro.

Kazi ya kuyabomoa haya yote na kuyasimamisha tena ilikuwa ya Walawi, na hapa msamiati unakuwa mkali. Jacob Milgrom aliandika kitabu kizima juu ya maneno hayo mwaka 1970, akaonyesha kwamba katika sura hizi mishmeret ni ulinzi, zamu ya kuzuia watu wasisogee, na avoda ni kazi ya misuli: kufungua, kubeba, kusimamisha. Ndiyo maana Walawi wanahesabiwa mara mbili, jambo linalomchosha msomaji asiyejua sababu. Kwa ulinzi wanahesabiwa tangu umri wa mwezi mmoja, na jumla inatajwa kuwa 22,000. Kwa avoda wanahesabiwa wenye miaka 30 hadi 50 tu, nao ni 8,580. Chini ya miaka 30 bado hujapewa kubeba vitu vile. Ukipita 50 mabega yako yamestaafu, ingawa sura ya 8 inakuruhusu kubaki na ndugu zako katika ulinzi. Ni sheria ya mtu aliyewahi kuona mzee akiteleza na mzigo.

Neno la tatu ni masa, mzigo, na kila ukoo ulikuwa na wake. Wagershoni, wanaume 2,630, walibeba kila kilicho laini: mapazia, vifuniko, sitara za milango, kamba zake. Wamerari, 3,200, walibeba kila kilicho kigumu: mbao, mataruma, nguzo, vitako, vigingi. Wakuu wa makabila walipoleta magari sita ya kukokotwa na ng'ombe kumi na wawili, Musa hakuyagawa sawasawa. Gershoni akapata mawili, Merari manne, Kohathi hakupata hata moja. Wakohathi 2,750 walibeba vitu vitakatifu, na hivyo vilikwenda mabegani kwa mipiko.

Kuna jambo dogo katika maagizo ya Wamerari ambalo mimi hulirudia. Baada ya kutaja nguzo za ua, vitako, vigingi na kamba, sura inaagiza kwamba vyombo hivyo wavikabidhiwe kwa majina. Sanduku la agano halikuhitaji agizo hilo, maana hakuna awezaye kulisahau sanduku la agano. Kinachosahaulika ni kigingi. Kimoja kikibaki mchangani, kona ya ua inalegea kituo kinachofuata, na kosa halimwangukii mtu yeyote. Hapa linamwangukia mwenye jina lake kwenye orodha, na orodha iko kwa Ithamari mwana wa Haruni.

Mipiko ya sanduku ilikuwa na sheria yake: isitolewe kamwe katika pete. Vyombo vingine vilivishwa mipiko siku ya safari, lakini sanduku lilikaa hemani likiwa tayari kwenda. Sulemani alipolijengea nyumba ya mawe na kulitia patakatifu pa patakatifu, 1 Wafalme 8 inaeleza kwamba ncha za mipiko ziliweza kuonekana kutoka mahali patakatifu mbele yake. Kabla ya hapo Daudi alikuwa amejaribu njia ya mkato, akalipakia kwenye gari jipya la ng'ombe. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyosha mkono, akafa. Katika 1 Nyakati 15 Daudi anakiri mbele ya Walawi kwamba mara ya kwanza haikufanywa kwa utaratibu, na safari hii wanalibeba mabegani kwa mipiko yake.

Turudi kwenye kufunga, kwa sababu kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Kinara kinafunikwa nguo ya samawi, kisha ngozi ya tahash, ambayo Union Version inaiita ngozi ya pomboo. Madhabahu ya dhahabu vivyo hivyo. Meza inatandikwa samawi, inapangwa vyombo na mikate, inafunikwa nyekundu, kisha ngozi. Madhabahu ya shaba inavishwa zambarau, kisha ngozi. Rangi zote zinakwenda ndani na ngozi inabaki nje, kama akili inavyotaka. Sanduku peke yake linafunikwa kinyume: pazia, kisha ngozi, kisha juu kabisa nguo iliyo samawi tupu. Kwa hiyo katika msafara ilionekana mizigo mingi ya rangi ya ngozi, na mmoja wa rangi ya mbingu. Wabebaji wenyewe walikuwa wamekatazwa kutazama wakati wa kufunika, hata kwa kitambo. Waliinua kitu kilichokwisha fungwa, wakakijua kwa rangi na kwa uzito.

Amri ya kuondoka ilitolewa kwa tarumbeta mbili za fedha ya kufua, na wapigaji walikuwa makuhani peke yao. Palikuwa na namna mbili za kupiga. Tekia ni mlio ulionyooka: zikipigwa zote mbili, watu wote wakusanyike mlangoni pa hema, ikipigwa moja, waje wakuu tu. Terua ni mlio wa kukatakata, nayo ni ya safari. Terua ya kwanza waondoke walioko mashariki, ya pili walioko kusini. Maandishi ya Kiebrania yanaishia hapo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliona pengo ikaongeza ya tatu na ya nne. Sura inatahadharisha wazi kwamba kukusanya watu kusipigiwe terua, maana kosa la pumzi moja lingewafanya wang'oe mahema wakati wanaitwa kikaoni.

Mpangilio wa njiani nao, katika Hesabu 10, hauufuati mraba kikamilifu. Yuda anatangulia. Nyuma yake wanaingia Wagershoni na Wamerari na magari yao. Ndipo anafuata Reubeni, na nyuma ya Reubeni ndipo Wakohathi wenye vitu vitakatifu. Kwa nini Walawi wapasuliwe vipande viwili? Sura inatoa sababu ya kifundi kabisa: ili maskani iwe imekwisha simamishwa kabla hawa hawajafika. Kikosi kizima cha Reubeni, watu 151,450, kimewekwa pale kuwa saa. Kinapopita na kutua, Wamerari wamepanga vitako na kusimamisha mbao, Wagershoni wametandaza na kufunga vifungo, na Wakohathi wanafika na mzigo usioruhusiwa kuwekwa popote tu, wanakuta chumba kinawangoja. Anayepakia lori la kuhamia nyumba kwa namna hii, kitanda kikitangulia na godoro likifuata, hana haja ya kufundishwa.

Baada yao Efraimu, na mwisho Dani. Dani anapewa jina la cheo, measef wa marago yote, mkusanyaji. Ni kitenzi kilekile kinachotumika kwa kukusanya mavuno. Kikosi cha pili kwa ukubwa kati ya vinne kiliachwa nyuma kwa kazi hiyo, na wafafanuzi wa Kiyahudi walipenda kusema kwamba aliyepoteza kitu njiani alikipata kwa Dani.

Wapangaji wa mahema hawakuanza na Israeli. Ramesesi wa Pili alichongesha ukutani kule Abu Simbel marago yake ya vita vya Kadeshi, vya yapata mwaka 1274 K.K.: uzio wa ngao wenye pembe nne, na ndani yake hema ya mfalme. Tofauti iko katikati. Musa hakukaa katikati. Hema yake na ya Haruni zilikuwa mbele ya mlango, upande wa mashariki, nao wamo katika orodha ya walinzi kama Walawi wengine.

Na nje ya mahane kulikuwa na mahali pa haja. Kumbukumbu la Torati 23 inamtaka kila mtu awe na kigingi miongoni mwa vifaa vyake, achimbe nacho, kisha afukie. Neno ni yated, lilelile la vigingi vya maskani. Sheria ya choo na sheria ya hekalu zinagawana kifaa kimoja, na hakuna mwandishi wa zama zile aliyeona aibu.

Baada ya tarumbeta, beramu, orodha za vigingi na wingu la kuwaongoza, Hesabu 10 inageuka ghafla na kumleta Hobabu mwana wa Reueli, Mmidiani, mtu wa ukweni kwa Musa, ambaye anataka kurudi kwao. Musa anamsihi asiende, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mahali pa kutua jangwani, na atakuwa macho yao. Kitenzi cha kutua ni hana, kilekile. Hobabu alikuwa amekwisha kataa mara moja, na jibu lake la pili halikuandikwa. Lakini kitabu cha Waamuzi, sura ya 1, kinawataja watoto wa Mkeni, mkwe wa Musa, wakipanda kutoka mji wa mitende kwenda jangwani pamoja na wana wa Yuda.